WAUZA VIRAKA: Dawa ya Mistari Mitatu

Wiki nzima mmeniandama: mkono wa nani ulikuwa kwenye kitasa? Haya, tulieni. Ulikuwa mkono wa Bosi mwenyewe, na hakubisha hodi, maana nani anabisha hodi ofisini kwake.

Kiraka alikuwa palepale tulipomwacha. Amepiga magoti nyuma ya meza, droo ya chini iko wazi, karatasi nne mkononi, na uongo wowote wa maana umemkimbia. Ilikuwa saa sita mchana, jua limejaa dirishani, hata pa kujibanza hapakuwepo.

Kama ndiyo kwanza unajiunga nasi, usihangaike kutafuta magazeti ya nyuma, nakumegea. Kiraka ni fundi wa kompyuta, mwanamke wa miaka thelathini na minne, na jina hilo alipewa na wenzake kwa sababu hakuna anayebandika viraka haraka kama yeye. Kampuni yake inatazamana na hospitali kuu, barabara tu katikati. Hospitali ina mfumo wa kompyuta wa kutunza mafaili ya wagonjwa, na mfumo huo una ujinga mmoja mkubwa. Karani asipojaza tarehe ya kuzaliwa, mfumo unajijazia tarehe mosi Januari. Kisha ukikuta watu wawili wenye jina moja, wote wa mosi Januari, unaamua wenyewe kwamba ni mtu mmoja na kuwaunganisha. Haumuulizi mtu. Bibi wa miaka sabini na binti wa shule wanaamka asubuhi wana faili moja, mimba moja na presha moja.

Kazi ya kampuni ni kuwatenganisha, na kila faili likitenganishwa wanasema limebandikwa kiraka. Mafundi arobaini, ghorofa tatu, miaka sita sasa. Wao wanatenganisha, mfumo unaunganisha, na maisha yanasonga.

Na zile karatasi nne? Ilikuwa barua ya Mzee Miwani, aliyeuandika mfumo huo kabla hajastaafu. Mzee aliliona kosa lake mwenyewe, akaona haya, akaandika dawa yake. Ukurasa wa tatu, mistari mitatu. Barua ilikuwa imegongwa muhuri wa kupokelewa, na muhuri wenyewe ulikuwa wa miaka mitano iliyopita.

Basi Kiraka alitarajia kelele, walinzi, na kufukuzwa kazi kabla ya chakula cha mchana. Wapi. Bosi alivuta kiti, akaketi, akamuuliza kama ameshafika ukurasa wa tatu, maana ndio mtamu.

Alisema barua hiyo anaijua neno kwa neno. Alisema Mzee Miwani ni mtu mwema ila akili ya maisha hana. Kisha, kwa sauti ya mtu anayeonyesha picha za wajukuu zake, akaanza kumtajia Kiraka wote wanaoishi kwa kosa lile. Kuna mafundi. Kuna chuo kinachotoa cheti cha utenganishaji, daraja la kwanza hadi la tatu. Kuna wachapaji wa mwongozo, ambao kila mwaka unanenepa, na washauri wanaoitwa kuandika ripoti kwamba mwongozo umenenepa mno. Kuna mkutano wa kila mwaka, wenye kofia na mabegi ya bure, ambapo watu wazima na akili zao hukaa hotelini siku tatu kujadili tarehe mosi Januari.

"Sasa wewe, binti yangu, unakuja na mistari mitatu," Bosi akasema. "Hawa wote tuwapeleke wapi?"

Kiraka akauliza, na wagonjwa je? Bosi akamtazama kama aliyeulizwa habari za hali ya hewa. Wagonjwa wapo, akasema, wagonjwa hawajawahi kupungua.

Hasira zilimpanda Kiraka mpaka kooni, na angesema neno la kumfukuzisha kazi kama Bosi asingetoa bahasha mfukoni. Ndani yake mlikuwa na barua ya kumpandisha cheo, kuwa Mkuu wa Kitengo cha Ubora. Ilikuwa imeshapigwa chapa. Jina tu ndilo lililoachwa wazi.

Ndipo alipoelewa kwamba yeye si wa kwanza. Mkuu wa Mafunzo, yule mama mpole wa ghorofa ya pili, aliifungua droo hiyo mwaka wa pili. Mkuu wa Ushauri aliifungua mwaka wa tatu. Kampuni nzima ilikuwa inaongozwa na watu waliowahi kuikuta dawa. Droo haikuwahi hata kufungwa kwa ufunguo.

Kabla Kiraka hajajibu, simu yake ikaita. Alikuwa shemeji yake, mume wa mdogo wake, na alikuwa anaongea harakaharaka kama mtu anayekimbia.

Mdogo wake Kiraka ana uvimbe kwenye kizazi. Anatokwa damu miezi sasa, amebaki mifupa na macho, na amengoja upasuaji miezi kumi na mmoja, kwa sababu daktari bingwa huja mara moja kwa msimu. Siku hiyo ndiyo ilikuwa siku yake. Alikuwa ameshavaa gauni la upasuaji, ameshaagana na watoto, muuguzi akaja kumwambia avae nguo zake. Upasuaji umefutwa. Mfumo unasema alishapasuliwa miaka tisa iliyopita, kizazi kikatolewa chote. Mfumo unasema pia ana miaka sitini na minane na watoto saba.

Mwanzoni mdogo mtu alicheka, kwa sababu ana watoto wawili tu na hao wenyewe wanamtoa jasho. Daktari bingwa akaja mwenyewe kumtazama tumbo. Akalikuta laini, halina hata mchubuko. Lakini bila kibali cha mfumo chumba cha upasuaji hakifunguliwi na benki ya damu haitoi hata tone, na daktari anaondoka na gari la saa kumi na mbili jioni.

"Tumbo halina kovu," shemeji akasema. "Skrini ndiyo inalo."

Nani hajui kilichotokea? Karani wa mapokezi, mwenye foleni ya watu mia mbele yake, aliiruka ile nafasi ya tarehe ya kuzaliwa.

Ombi la kawaida la kutenganisha faili huchukua siku tatu. Ombi la dharura hupita papo hapo, ila linahitaji idhini ya Bosi. Na Bosi alikuwa ameketi hapo, amesikia kila neno, maana shemeji anapoongea na simu husikika mtaa wa pili. Hakutabasamu wala hakununa. Alisogeza ile barua ya cheo, akaweka kalamu juu yake, akasema akisaini na kuziacha zile karatasi nne mezani, faili la mdogo wake litapita mbele ya mengine yote sasa hivi. Kwenye barua kulikuwa na aya moja ndogo, kwamba Kiraka hatautaja ukurasa wa tatu kwa mtu yeyote muda wote wa uhai wake.

Kiraka akasaini. Msimcheke. Hata mimi ningesaini, na wewe pia, kama ni mdogo wako.

Alishuka ngazi mbilimbili mpaka chumba cha mafundi, akaketi kwenye kompyuta yake, akaliita faili. Likaja. Na kwenye kona ya juu ya faili, alama ndogo ya kijani.

Alama hiyo aliiweka yeye.

Hapa inabidi niwamwagie siri ya mafundi, na wakinichukia shauri yao. Kila Ijumaa, kabla ya kwenda nyumbani, kila fundi huacha mafaili kumi mabovu bila kuyagusa. Ameyaona, anajua yana kasoro, ila anayaacha ili Jumatatu hesabu ya kazi isishuke, asije mtu akasema kazi imepungua. Wanayaita mbegu. Ukiacha mbegu unaweka alama ya kijani, mwenzako asije akakuvunia. Fundi asiyeacha mbegu huitwa mchawi wa ofisi, anatengwa hata chai hapati.

Ijumaa iliyopita Kiraka aliacha kumi zake kama watu wengine wote wenye heshima. Alikuwa na haraka, akazichota tu kwa namba, hakusoma majina. Ya pili kwenye orodha ilikuwa ya mdogo wake, mtoto aliyembeba mgongoni.

Aliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Aliitazama ile alama, akatamani ingekuwa ya mtu mwingine, yeyote, apate wa kumtukana.

Kisha akafanya kazi anayoijua. Dakika nne, akifuata namba za usajili mstari kwa mstari, faili likawa mawili na kiraka kikabandikwa. Mumewe, ambaye ni fundi wa kikosi cha dharura katika kampuni hiyohiyo, alikuja kutoka upande wa pili wa chumba, akamshika bega, akamwambia mdogo wake atapona. Saa saba na nusu ikaja simu kutoka hospitali. Kibali kimetoka, wanamwandaa upya.

Saa nane na dakika mbili ikaja simu nyingine. Kibali kimefutika, ana watoto saba tena.

Kiraka alidhani wamekosea kusoma. Akaliita faili, akalikuta limeungana upya kama halijaguswa na mkono wa mtu. Jirani yake wa meza, bila hata kuinua macho, akamuonyesha tangazo ukutani. Zamani kiraka kilikuwa kinadumu mwezi. Likaja toleo jipya la mfumo, kikadumu wiki. Asubuhi hiyo hiyo, Jumatatu, limezinduliwa toleo jingine, kwa keki na hotuba, na kiraka sasa kinadumu mpaka saa ijayo tu. Tangazo liliuita mpango huo Hatua Kubwa ya Ufanisi. Picha ya Bosi akikata keki ilikuwa chini yake.

Upasuaji ule unachukua saa tatu. Damu inaweza kuhitajika dakika yoyote. Kiraka hakuhitaji cheti cha daraja la tatu kujua kwamba viraka havitamvusha mdogo wake.

Akatoka, akavuka barabara mbio, na huku anakimbia anampigia Mzee Miwani. Mzee ndiye aliyemfundisha kazi mwaka wake wa kwanza. Alipokea akiwa anamwagilia bustani, maji yanasikika. Kiraka akamweleza yote kwa pumzi moja, hata saini hakuificha. Maji yakanyamaza.

"Niliwaandikia mara kumi na moja," mzee akasema. "Ya kumi na mbili wakanipa ngao ya heshima, wakaniomba nipumzike."

Akamuuliza kama ana pa kuandika.

Chumba cha seva cha hospitali kiko nyuma ya ofisi ya rekodi, kidogo kama stoo, kina feni moja inayolalamika. Kitambulisho cha kampuni kilifungua mlango. Makarani walimuona, wakarudi kwenye foleni zao, wamezoea mafundi kuingia na kutoka. Mzee akamtajia mstari wa kwanza: nafasi ikiachwa wazi, ibaki wazi. Wa pili: watu wawili wasiunganishwe bila mtu kukubali. Wa tatu ulikuwa wa kuzima ule ufagio, yaani programu ya kuunganisha upya, ambao sasa unapita kila saa. Alimsomesha mara mbili, herufi kwa herufi, kama mwalimu wa darasa la kwanza.

"Haya, mwanangu. Bonyeza."

Akabonyeza. Hakuna kilicholipuka. Feni iliendelea kulalamika. Kiraka akalitenganisha faili la mdogo wake mara ya pili siku hiyo, haraka zaidi ya mara ya kwanza. Saa nane na nusu mdogo mtu akaingizwa chumba cha upasuaji, na shemeji akabaki nje ameshika viatu vya mkewe.

Saa tisa kamili Kiraka alikuwa kwenye benchi, simu mkononi, anaangalia faili. Saa tisa na dakika moja. Tatu. Tano. Faili limetulia, kila mtu na kizazi chake. Alilia pale kwenye benchi bila kujificha, na shemeji, asiyejua analia nini, akamsaidia kulia.

Kwa mara ya kwanza katika miaka sita, hospitali ile ilikuwa imeanza saa mpya bila kasoro hata moja.

Na hilo ndilo lililowaponza.

Sikilizeni niwaambie jinsi watu wazima wanavyoweza kuwa mapunguani. Kwenye ofisi ya utawala wa hospitali kuna skrini inayohesabu malalamiko. Kila saa mpya inapoanza huruka hadi arobaini, hamsini, Jumatatu hata mia. Saa tisa siku hiyo ilisoma sifuri. Msimamizi akaigonga kwa kidole. Sifuri. Akamwita msaidizi wake, wakaitazama wote wawili. Hakuna aliyesema heko. Hakuna hata aliyewaza hivyo. Walichosema ni kwamba mfumo umekufa, maana tangu ununuliwe haujawahi kunyamaza.

Msimamizi akapiga simu kampuni. Bosi akasikiliza, na yeye, tofauti na msimamizi, alielewa mara moja. Karatasi nne alikuwa nazo mezani. Dawa imeponyoka kwa mlango mwingine. Alitoa amri moja fupi kwa kikosi cha dharura: hospitali iko gizani, rudisheni nakala ya jana, sasa.

Saa tisa na dakika ishirini simu ya Kiraka ikaita. Alikuwa mumewe, na sauti yake ilikuwa na furaha ya mtu aliyefunga goli.

"Mke wangu, tulia kabisa," akasema. "Mfumo ulikufa wote, nimeurudisha kwa dakika tisa. Nilijua mdogo wako yuko kwenye meza ya upasuaji, nikasema hauwezi kufia mikononi mwangu."

Angemwambia nini mtu huyo, aliyefanya haraka kwa upendo. Alisikia mafundi wakimpigia makofi nyuma yake, na sauti ya Bosi ikimsifu kwa jina.

Palepale mlango wa chumba cha upasuaji ukafunguka. Muuguzi alitoka na damu hadi kwenye viwiko. Hakutembea, alikimbia kwenye korido akisema anataka chupa mbili, sasa hivi, uvimbe umeshika mshipa. Kiraka akamfuata mpaka dirisha la benki ya damu, shemeji nyuma yao na vile viatu.

Mtunza damu, mwanamume mwenye kalamu sikioni, aliandika namba ya mgonjwa kwenye kompyuta. Akasoma. Akamtazama muuguzi mikono yake, akaitazama skrini tena. Mfumo ulimwambia mgonjwa huyo ana miaka sitini na minane, hana upasuaji wowote leo, asipewe damu.

Kwa heshima yake naandika kwamba hakubishana. Aliisukuma kibodi pembeni, akaenda kwenye friji, akafungua. Alisema watamfukuza kesho na wafukuze, yeye atatoa kwa mkono wake. Akauliza ni kundi gani.

Muuguzi akasema lile lililo kwenye faili.

Mtunza damu akaigeuza skrini waione wote. Faili lilikuwa na makundi mawili. Mstari mmoja ulisema A, wa chini yake ukasema B. Moja la mdogo wake Kiraka, moja la bibi wa watu mwenye watoto saba ambaye labda muda huo alikuwa kwake anakunywa chai. Damu ile inayomfaa kila mtu iliisha tangu asubuhi. Kupima upya ni dakika arobaini, kulitenganisha faili ni nne, na muuguzi alitikisa kichwa kabla mtunza damu hajamaliza kusema, kwamba mgonjwa hana hata mbili.

Shemeji hakujua. Miaka minane ya ndoa, hakuwahi kuuliza. Wote wakamgeukia Kiraka. Mara mbili siku hiyo mistari hiyo ilipita mikononi mwake, na mara mbili aliipanga kwa namba za usajili, kwa ule wepesi wake unaosifiwa ghorofa zote tatu, bila kusoma imeandikwa nini.

Mtunza damu alisimama dirishani, mfuko mmoja kila mkono.

"Dada, wewe ndiye ndugu yake," akasema. "Nimpe upi?"